Gauni la Buluu na Kopo la Chumvi

Machi 8, 1954. Jumatatu

Nimeanza kuandika kwa sababu nimekatazwa kila kitu kingine. Sishiki jembe, sichoti maji, sipiki, sifagii, na jana nilipoinama kuokota kijiko nilipigiwa kelele kama mwizi wa ndizi. Mzazi wa kwetu Meru hukaa ndani miezi mitatu. Kazi zake ni mbili, kunyonyesha na kunenepa. Ya kwanza naipenda. Ya pili inanifuata yenyewe.

Mwanangu alizaliwa Jumatano ya Majivu, saa za kukamua ng'ombe. Anaitwa Anande, jina la babu yake mzaa baba, ambaye sikumkuta. Ana nywele nyingi mpaka masikioni na ananyonya bila haya. Baba yake, Elisaria, ni karani kule Arusha mjini, kwenye ofisi ya kampuni ya kahawa, na hupanda huku mlimani Jumamosi barabara ikiruhusu. Kwa hiyo nyumbani tuko watatu: mimi, mtoto, na mama mkwe wangu, Mama Kaanaeli, ambaye ndiye mpishi, askari na hakimu.

Asubuhi uji wa maziwa na samli. Saa nne mtori, supu nzito ya ndizi zilizopondwa. Mchana mtori na nyama. Alasiri supu ya mbuzi. Jioni nauliza kuna nini, naambiwa mtori.

Machi 14

Mvua imeanza. Mtori.

Machi 20. Jumamosi

Elisaria amekuja, matope mpaka magotini, na kifurushi chini ya koti. Alimshika mtoto kwanza, akamwangalia muda mrefu, akasema ana paji la uso la marehemu babu yake. Mama Kaanaeli aligeuka akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Kisha akanipa kifurushi. Gauni. La buluu, kola nyeupe, mkanda wa kitambaa hicho hicho, na vifungo vyeupe vinavyoshuka mbele kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Ameshonesha kwa fundi wa mjini. Akasema hilo nitalivaa Pentekoste, siku Anande atakapobatizwa na mimi nitakapotoka nje rasmi. Sijawahi kupewa kitu kizuri hivi maishani. Nilitaka kulia, nikacheka.

Alipokwenda kumwona ng'ombe nikalijaribu. Mikono iliingia kwa kusukumwa. Vifungo, hakuna hata kimoja kilichofika kwenye tundu lake. Nilijitazama kwenye kioo cha kunyolea cha Elisaria, na kwa kuwa ni kidogo nilijiona vipande vipande, na kila kipande kilikuwa kikubwa. Nikalivua haraka nikalikunja. Aliporudi nikamwambia ni zuri, nalitunza.

Hajui. Yeye ananikumbuka nilivyokuwa siku ya harusi, ndiye huyo aliyemshonea gauni. Mimi simo.

Machi 21

Ameondoka alfajiri. Nimekula uji nusu bakuli, nusu nimemwagia Chui, mbwa wetu, aliyekuwa amelala mlangoni.

Machi 28. Jumapili

Leo Magdalena amekuja kumwona mtoto. Tulisoma pamoja shule ya wasichana ya misheni, tukalala vitanda vya jirani, na siku hizi anakaa barabara ya Nairobi na mume wake dereva. Alipanda na viatu mkononi, akavivaa mlangoni. Amefunga mkanda kiunoni, na kiuno chenyewe kipo, unakiona.

Mama Kaanaeli alimkaribisha vizuri, akampa supu, kisha akaniambia kwa Kimeru, mbele yake, kwamba binti wa watu anaonekana ametoka kuugua. Magdalena anakijua Kimeru kama mimi. Alicheka tu.

Mama alipokwenda kukata majani ya ng'ombe nikamwonyesha Magdalena gauni, nikamweleza aibu yangu. Akafungua mkoba akatoa kopo. Lina picha ya mzungu mwenye mkanda, anaruka juu ya kijito. Ndani mna unga mweupe wa chembechembe. Anasema ni chumvi za madini, wake wa makarani wote mjini wanazitumia, kijiko kimoja asubuhi ndani ya maji moto kabla ya kula. Zinasafisha damu na kuyeyusha mafuta ya mwili, ukipunguza na chakula. Yeye alimaliza kopo moja na matokeo ninayaona. Kuna pia vidonge vidogo vya rangi ya kutu vya kuongeza nguvu mtu asilegee.

Nikamwuliza kama mzazi anaruhusiwa. Akafikiri, akasema kopo halijakataza.

Machi 30

Kijiko cha kwanza. Ladha yake ni kama kulamba jembe. Nimekwenda chooni kwenye mvua mara nyingi hata Chui akaacha kunisindikiza.

Aprili 2

Kijiko. Mvua. Chooni.

Aprili 6

Kopo linasema kijiko kimoja, lakini kopo halimjui Mama Kaanaeli. Mimi nikipunguza chakula, yeye anaongeza samli. Bakuli likirudi na kitu chini, linakuja lingine. Leo nimetia vijiko viwili.

Nanyori amepita. Ni mama wa Kiarusha kutoka upande wa magharibi, huja na kibuyu cha maziwa na magadi, hurudi na ndizi zetu. Yeye na Mama Kaanaeli wamefanya biashara hiyo tangu kabla sijaolewa hapa, na kila wakikutana huanza kwa kulaumiana. Nikamwomba bonge la magadi, nikasema ni la maharage. Mwenyewe nimepika makande tangu utoto, najua kazi ya magadi: unatupia kipande kidogo, na maharage magumu kama kokoto yanalainika. Basi nikawaza, kama magadi yanaweza maharage, mafuta ya tumbo langu ni nini? Nikasaga kidogo nikachanganya na chumvi ya Magdalena, nikakamulia ndimu. Ikatoa povu. Nikaona hiyo ni dalili njema.

Aprili 13

Kifungo cha juu na cha pili vimefunga! Nimevaa gauni nikiwa nimesimama nyuma ya mlango, nikashusha pumzi taratibu, vikashika. Nilifurahi peke yangu mpaka Anande akaanza kulia.

Mtori wa saa nne aliupata Chui. Wa mchana pia.

Aprili 18. Pasaka

Kengele ya kanisa imesikika mpaka huku. Mama Kaanaeli amekwenda na kilemba chake cheupe, akaniachia chungu kizima cha loshoro, ndizi na mtindi mzito, kwa sababu anajua naipenda kuliko chakula chochote. Nilikaa nakitazama. Nikala vijiko vitatu, vitamu mno, nikafunika.

Aliporudi alifunua chungu akakiangalia. Akamwangalia Chui, ambaye alikuwa amelala chali juani, tumbo kama ngoma. Akaingia ndani.

Elisaria hakuja. Malori yamekwama chini, barabara imekuwa mto.

Aprili 25

Vifungo vinne. Kizunguzungu kidogo nikisimama ghafla. Mdomo unakauka. Vidonge vya kutu vimeisha na sijui vilifanya kazi gani.

Anande analia sana siku hizi. Mama Kaanaeli anasema ni tumbo. Kumbeba anambeba yeye, anatembea naye huku na huku akimwimbia nyimbo za kitabu cha kanisa kwa mwendo wa kupura maharage.

Kusema kweli ananichosha. Kila nikigeuka yuko nyuma yangu na bakuli. Anasimama mpaka nimeze. Ananiuliza nimekunywa maji, nimekunywa maziwa, nimefunika miguu. Nilisoma mpaka darasa la nane nije nilishwe kama ndama? Leo nilimwambia, Mama, mimi si mgonjwa. Akasema anajua. Akaweka bakuli chini.

Aprili 29

Mvua. Kijiko. Mvua.

Mei 4

Maziwa yangu yamepungua. Nimeandika, sasa lipo kwenye karatasi. Zamani asubuhi nilikuwa naamka nguo imelowa. Siku hizi Anande anavuta, anavuta, anaachia, ananitazama kwa hasira ya mtu mzima, anavuta tena.

Nitapunguza chumvi. Kijiko kimoja tu. Lakini Pentekoste hiyo inakuja na kifungo cha mwisho bado.

Mei 6

Kimoja na nusu.

Mei 9. Jumapili

Kinamama wa usharika wamekuja baada ya ibada, wamejitwisha kuni na ndizi, kama desturi. Waliimba. Walimshika mtoto mmoja baada ya mwingine, wakampima kwa mikono, wakatupiana macho. Kisha wakanitazama mimi, mifupa ya mabega, shingo, mikono. Nilikuwa nimevaa nguo ya shingo pana kwa makusudi. Nilidhani watasifu.

Hakuna aliyesifu. Mmoja, Anyesi, mke wa mzee wa kanisa, akauliza kwa sauti laini kabisa kama mwaka huu migomba yetu imezaa. Mama Kaanaeli akajibu imezaa vizuri. Akauliza kama ng'ombe anakamuliwa. Akajibu anakamuliwa. Wote wakaendelea kunywa chai yake.

Ndipo nikaelewa. Kwetu mzazi akitoka mwembamba hawamwangalii yeye. Wanamwangalia mama mkwe. Wanasema amemnyima. Na mkwe aliyemnyima mzazi chakula hapewi tena mtoto wa mtu kumlea, wala hakai mbele kanisani.

Nilitaka kusema kitu. Nikasema chai ni nzuri.

Mei 12. Jumatano

Vifungo vyote vimefunga.

Nimevaa gauni la buluu, nimefunga mkanda, nimesimama mbele ya kile kioo kidogo, na vipande vyote vilikuwa vya mtu niliyemtaka. Nikasema nimpakate mtoto nikiwa nalo, nione itakavyokuwa kanisani. Nikafungua vifungo vya juu, nikampa titi.

Alivuta. Hakuna. Nikambadilisha upande wa pili. Hakuna. Nikajikamua kwa mkono wangu, likatoka tone moja la rangi ya maji, kisha basi. Hakulia kwa nguvu kama siku nyingine, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa anatoa sauti ndogo, kama paka aliyefungiwa ghalani. Nikamwangalia, yaani nikamwangalia sawasawa, mara ya kwanza tangu lini sijui. Mapaja yake yamekuwa na ngozi ya kukunja. Paji la uso la babu yake limebaki kubwa, na uso chini yake umekwisha. Mwanangu amekonda. Nilikuwa natazama kioo, naye alikuwa mapajani mwangu anakonda.

Nilipiga ukelele. Mama Kaanaeli akaja mbio na mikono ina unga. Akaniona nimevaa gauni, akaona kifua, akaona mtoto. Alimchukua Anande, akamwekea maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na kuongezwa maji, akamnywesha kwa kijiko, tone kwa tone, huku akimwita kwa jina la mume wake. Anande, Anande, kunywa. Alikunywa kidogo akatapika kidogo. Mimi nilikaa chini sakafuni na gauni langu la kanisani nikalia.

Kopo nimeliweka juu ya boriti. Sijaligusa tena.

Mei 13

Tumeshuka hospitali, Mama mbele na mtoto mgongoni chini ya mwavuli wa jani la mgomba, mimi nyuma nikishika miti kwa kizunguzungu. Njia ni utelezi mtupu. Aligeuka kila baada ya hatua chache akaninyooshea mkono, bibi wa miaka yake, ananishika mimi.

Nesi alimpima mtoto, akanitazama macho na ulimi, akaniuliza kwa upole nakula nini, nakunywa maji kiasi gani, kuna dawa yoyote ninayotumia. Mama Kaanaeli alikuwa amesimama pale pale.

Nikasema hakuna.

Nesi akaandika. Akasema basi mama huyu anahitaji chakula cha kutosha na maji mengi, na mtoto awekwe kwenye titi kila saa hata kama hakuna kitu, maziwa hurudi yakiitwa, na katikati apewe hayo ya kijiko. Akamwambia Mama Kaanaeli, kwa adabu zote, Bibi, tafadhali mpe huyu binti chakula. Mama Kaanaeli akaitikia, "Ndiyo, mwanangu. Nitampa."

Njia nzima ya kurudi sikuweza kuinua macho.

Mei 15. Jumamosi

Leo nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Habari zilifika kwa mama yangu mzazi upande wa pili wa bonde. Nani alizipeleka sijui, ingawa Anyesi ana miguu mizuri. Mama yangu, Mama Marta, alifika asubuhi na shangazi zangu wawili, wamevaa nguo za kwenda barazani, na hawakukaa walipokaribishwa. Kwetu hicho kina maana moja. Wamekuja kumchukua mtoto wao. Mzazi akirudishwa kwao kabla ya kutolewa nje, nyumba ya mume imevuliwa nguo mbele ya mlima mzima.

Mama yangu hana kelele. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anachagua kuku. Akamtazama Anande. Machozi yakamtoka kabla ya maneno. Kisha akamgeukia Mama Kaanaeli, na akamwambia alimpa binti mwenye mwili wake, mwenye meno yake yote, hakudai kingine ila alishwe anapozaa. Amekosa nini huyu mtoto? Kama hapa kuna njaa, angetumiwa habari, angeleta ndizi kwa kichwa chake mwenyewe.

Mama Kaanaeli alikuwa amesimama kando ya jiko na mwiko mkononi. Nilimngojea aseme. Juu ya boriti, nyuma yake, kopo lilikuwa pale, ile picha ya mzungu anaruka kijito inaonekana nusu. Akainua macho kidogo, akaliangalia. Kumbe alikuwa anajua lilipo. Akashusha macho akasema:

"Marta, una haki. Mtoto amekonda mikononi mwangu. Nisamehe."

Basi. Shangazi mmoja akaanza kukunja nguo za Anande.

Nilidhani nitanyamaza. Kusema kweli, moyo wangu mmoja ulikuwa unasema nyamaza, nenda kwenu, maziwa yatarudi huko, nani atajua. Ila nilimwona Mama Kaanaeli anafunga kamba ya kibuyu cha maziwa ili tuondoke nacho njiani, kwa ajili ya mtoto.

Nikapanda juu ya kigoda, nikashusha kopo, nikaliweka mikononi mwa mama yangu.

"Ni mimi, Mama. Amenipa chakula kila siku mpaka nikamchukia. Nimempa mbwa. Nimekunywa hii nikonde nienee kwenye gauni, nikachanganya na magadi. Nimekausha maziwa ya mwanangu mwenyewe, na juzi nikamwachia yeye lawama mbele ya nesi."

Mama yangu alifungua kopo, akanusa, akatia kidole, akalamba, akatema nje ya mlango. Akaniangalia jinsi alivyokuwa akiniangalia nilipokuwa mdogo nikivunja chungu, na nilijua angenichapa kama nisingekuwa mzazi. Shangazi akakunjua nguo za Anande, akazirudisha moja moja mahali pake.

Halafu mama yangu akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akakaa. Akachukua kigoda karibu na jiko, akaomba mtori. Mama Kaanaeli akampakulia. Wakala wote wawili pamoja kutoka bakuli moja, na mimi nikapewa langu, na wote wakanitazama mpaka mwisho wa bakuli. Chui alikaa mlangoni akisubiri zamu yake. Haikufika.

Mei 16

Walipoondoka nilimwuliza Mama Kaanaeli kama alikuwa anajua siku zote. Akasema mbwa anayenenepa katika nyumba ya mzazi si jambo la kuficha. Nikamwuliza kwa nini hakunifokea tangu mwanzo. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha.

"Wewe umesoma, nikadhani ni dawa unayoijua. Nikasema nitashindana nayo kwa samli. Sikujua inagusa maziwa, mwanangu. Ningejua ningelitupa mtoni siku ile ile."

Na jana mbele ya mama yangu? Hapo akaacha kumenya. Akasema mimi ni msichana, nina maisha marefu ya kukaa kati ya wanawake hawa, na sifa mbaya ya mama aliyemnyima mtoto wake maziwa haifutiki. Yeye ni mzee, angeibeba miaka michache tu.

Nilichukua kisu kingine nikamenya naye, ingawa nimekatazwa, na hakunikataza.

Mei 18

Nanyori amepita. Amesikia, kila mtu amesikia. Alicheka mpaka akashika nguzo. Anasema ng'ombe wake huwapa magadi walambe wapate hamu ya kula na maziwa yajae, na huyu msomi ameyanywa ili asile. Magadi yaliyobaki ameyapeleka mwenyewe kwa ng'ombe wetu. Kopo Mama ameliosha, ametia chumvi ya kawaida ya mboga. Mzungu anaruka kijito juu ya jiko letu sasa.

Mei 20

Titi kila saa. Uji, maji, mtori, maji. Hakuna.

Mei 21

Hakuna. Amelala kwa maziwa ya kijiko. Nimeomba.

Mei 23

Asubuhi Anande alivuta, akasimama, akameza. Nilisikia. Kile kidogo cha kooni, nk, nk. Nilimwita Mama, akaja, tukakaa wote wawili tukisikiliza mtoto anavyomeza.

Mei 29. Jumamosi

Barabara imekauka kidogo, Elisaria amefika. Nimemwambia yote kabla hajavua viatu, kwa sababu ningengoja avue ningepoteza ujasiri. Alimchukua Anande akamweka kifuani ndani ya koti. Alikaa hivyo kitambo bila kunitazama, na hiyo ilikuwa adhabu ya kutosha.

Baadaye nikamwuliza alilishonesha vipi lile gauni. Akaona haya. Fundi alimwuliza vipimo naye hakuwa navyo. Akanyoosha mikono, akaonyesha duara mbele ya kifua chake, akasema, "Nilimwambia ni hivi. Nikimkumbatia vidole vyangu vinakutana." Fundi akapima mikono yake.

Nikamwambia asimame aonyeshe tena. Akanikumbatia. Vidole havikukutana. Akavuta, havikukutana. Akasema mikono ndiyo imekosea, atairekebisha, na akakaa hivyo hivyo bila kuachia mpaka Mama akakohoa nje ya mlango.

Juni 3

Nimerudi kuwa mkubwa. Vifungo vitatu vimegoma. Anande ana mashavu, na amempiga bibi yake teke la kidevu. Nimemwambia Mama nitavaa kanga na blauzi ya zamani, gauni libaki kwenye sanduku.

Akasema nilete hilo gauni na mkasi.

Juni 5. Jumamosi

Ametia mkasi ubavuni, pande zote mbili, kuanzia kwapani mpaka chini, mimi nimefumba macho. Kisha akaenda kwenye sanduku lake akatoa gauni la kahawia, limeoshwa mpaka limelainika. Nikamwuliza ni la lini.

Akasema ndilo alilovaa mwaka serikali ilipowafukuza Ngare Nanyuki ili mashamba yao wapewe Wazungu. Walitembea na mifugo kwenye mvua, ng'ombe wakafa njiani, na huko walikopelekwa hakukuwa na chakula. Baba yake Elisaria hakumaliza mwaka ule. Yeye alikuja huku kwa ndugu na gauni hilo likimzunguka mara mbili, akilishika kwa mkono lisianguke. Watu walimwonea huruma barabarani. Tangu siku hiyo, akasema, hajaweza kuona uzuri wa wembamba, na bakuli likirudi na chakula ndani anaogopa.

Miezi yote hiyo nilidhani ananilisha kwa desturi.

"Lilikuwa na kitambaa kingi cha bure," akasema, "sasa kimepata kazi." Akakata vipande viwili virefu, akaviunganisha ubavuni mwa gauni la buluu, kwa mishono midogo midogo, iliyonyooka. Kahawia na buluu haviendani hata kidogo. Nimelijaribu. Vifungo vyote vimefunga na ninapumua.

Juni 6. Pentekoste

Hakuna mvua. Mlima umejifunua wote asubuhi.

Nimetoka. Mama Kaanaeli alinitangulia mlangoni, akanipaka mafuta ya mwisho usoni, akanivisha shanga zake shingoni. Elisaria alibeba mwavuli bila sababu. Njiani watu walisimama kunisalimu, nikaona macho yakishuka kwenye zile mbavu za kahawia, yakipanda kwenye mashavu ya Anande, yakitulia hapo. Kanisani Anyesi alisogea kwenye benchi la mbele, akampisha Mama Kaanaeli akae. Mama yangu alikuwa upande wa pili. Wakapokezana mtoto juu ya magoti yangu kama mimi ni meza.

Mchungaji alimwaga maji. Anande Elisaria, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mtoto alishtuka kwa ubaridi, akalia, lakini kile kilio, jamani, kile kilio cha mtoto mwenye nguvu, kimejaza kanisa zima mpaka kwaya ikachelewa kuanza.

Na mwili wangu ukamjibu. Nilihisi joto, nikatazama chini, na duara mbili za maziwa zilikuwa zinapanuka kwenye gauni la buluu, mbele kabisa, mbele ya mchungaji, mbele ya wazee wa kanisa, zikapita vifungo, zikashuka mpaka zikagusa kitambaa cha kahawia. Nilishika mtandio nijifunike.

Mama Kaanaeli akanishika mkono. Akaushusha taratibu, akauweka kwenye goti langu, akaukalisha hapo chini ya mkono wake.

"Acha," akaninong'oneza. "Acha waone."